Je, Wajua? Pensheni ya Askari wa Jiji

Kwetu askari polisi ni wa taifa: leo yuko Mwanza, kesho Mtwara, na kanuni za mafao yake hazibadiliki. Marekani sivyo. Nchi ile ina vyombo vya polisi takriban 18,000, na majiji makubwa yana askari wao, mifuko yao ya pensheni na masharti yao ya kustaafu. Tumepita baadhi ya majiji hayo kuona askari anastaafu lini, analipwa nini, na ahadi hiyo ina nguvu kiasi gani.

1. Je, wajua kwamba pensheni ya polisi wa New York ilianza 1857? Mfuko ule ulikuwa miongoni mwa mifuko ya kwanza kabisa ya aina yake nchini Marekani. Ulianzishwa kwa ajili ya askari walioumia kazini na familia za waliofariki. Fikra iliyouzaa haijazeeka: anayeweka mwili wake mbele kwa ajili ya jiji asiachwe na jiji mwili huo ukichoka.

2. Je, wajua kwamba New York ilihesabu miaka ya kazi badala ya umri? Askari aliyeajiriwa kabla ya Julai 2009 akitimiza miaka 20 kazini ana haki ya kustaafu kwa nusu ya mshahara wake wa mwisho. Aliyeingia na miaka 22 anaweza kuvua magwanda akiwa na 42. Huko si ajabu kumkuta mstaafu anampeleka mwanawe shule ya msingi.

3. Je, wajua kwamba tarehe ya kuajiriwa inaweza kukugharimu miaka miwili? Mwaka 2009 Gavana David Paterson wa New York alikataa kuidhinisha sheria ya kuendeleza masharti ya zamani kwa askari wapya. Walioajiriwa kuanzia Julai 1 mwaka huo wakaangukia kundi jingine, ambalo sheria yake iliweka miaka 22 ya kazi badala ya 20. Doria ni moja na hatari ni moja, lakini pensheni ni mbili.

4. Je, wajua kwamba Chicago inataka vyote viwili, miaka ya kazi na umri? Askari aliyeajiriwa kabla ya 2011 anahitaji miaka 20 ya kazi na umri wa miaka 50. Kila mwezi alikatwa asilimia 9 ya mshahara, na kila mwaka wa kazi ulimpa asilimia 2.5 ya pensheni. Mchukue aliyeanza na miaka 25. Akifika 45 ameshatimiza miaka 20, lakini akiondoka siku hiyo atasubiri miaka mitano ndipo aanze kulipwa nusu ya mshahara. Akivumilia mpaka 55, miaka yake 30 inampa asilimia 75, na hapo ndipo kilele. Asilimia haipandi tena, hata akikaa mpaka umri wa lazima wa kustaafu, ambao ni 63. Walioajiriwa kuanzia Januari 1, 2011 wamesogezewa umri wa pensheni kamili hadi miaka 55.

5. Je, wajua kwamba Los Angeles askari anaweza kustaafu huku bado yuko kazini? Tangu 2002 kuna mpango uitwao DROP. Askari mkongwe anahesabiwa kwenye vitabu kuwa amestaafu, lakini anaendelea na zamu na mshahara wake kama kawaida. Pensheni yake inawekwa kwenye akaunti yenye riba kwa muda usiozidi miaka mitano. Siku ya kuondoka anachukua kiasi hicho kwa mkupuo, kisha pensheni ya kila mwezi inafuata. Jiji linabaki na mtu mwenye uzoefu, naye anaondoka na kiinua mgongo kinene.

6. Je, wajua kwamba mpango kama huo nusura uuzamishe mfuko wa Dallas? Huko wakongwe waliahidiwa riba isiyopungua asilimia 8, wakati uwekezaji wa mfuko haukuzaa kiasi hicho. Mwaka 2016 habari zilipovuja kwamba mfuko unayumba, watu walikimbilia fedha zao. Mamilioni ya dola yalitoka kwa miezi michache, mpaka Desemba bodi ikafunga mlango. Aliyekuwa na akiba kubwa kwenye karatasi akaambiwa asubiri.

7. Je, wajua kwamba jiji linaweza kufilisika na pensheni ikapunguzwa? Prichard, mji mdogo wa Alabama, uliishiwa fedha za mfuko wake, na Septemba 2009 hundi za wastaafu hazikutoka kabisa. Central Falls, Rhode Island, ulifilisika 2011, na baadhi ya polisi na wazimamoto wastaafu wakakatwa hadi asilimia 55 ya pensheni. Detroit ilifuata Julai 2013. Polisi wastaafu wa Detroit waliokoa pensheni yao ya msingi, lakini nyongeza ya kila mwaka ya kufidia kupanda kwa bei ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu. Wastaafu wa ofisi nyingine za jiji walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni yenyewe na kupoteza nyongeza yote.

8. Je, wajua kwamba polisi wengi wa miji hawamo katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii? Polisi wa Chicago, Los Angeles, Dallas na Detroit ni miongoni mwao. Pensheni ya jiji ikiyumba, hawana pa kuegemea. Kwa miongo kadhaa, askari aliyewahi kuchangia mfuko wa taifa kupitia kazi nyingine alipunguziwa malipo yake kwa sababu tu ana pensheni ya jiji. Sheria iliyosainiwa Januari 5, 2025 imefuta makato hayo.

9. Je, wajua kwamba vumbi la Septemba 11 lina sheria yake ya pensheni? Polisi 23 wa jiji la New York walikufa katika mashambulizi ya kigaidi ya siku ile ya 2001. Wenzao walifukua kifusi kwa miezi, wakivuta vumbi la saruji na moshi. Maradhi ya mapafu na saratani yakaja baadaye, wengine wakiwa wameshastaafu. Sheria ya 2005 inachukulia kwamba magonjwa yaliyotajwa yametokana na kazi ile, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa wa kundi la zamani anaweza kubadilishiwa mafao na kulipwa robo tatu ya mshahara wake wa mwisho.

10. Je, wajua kwamba mke au mume ana fungu? Mwaka 1984 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, katika kesi ya Majauskas iliyomhusu askari polisi, iliamua kwamba pensheni iliyochumwa ndani ya ndoa ni mali ya wanandoa. Fanya hesabu: kazi miaka 20, na 15 kati yake ndani ya ndoa. Mtalaka hupata nusu ya robo tatu, yaani asilimia 37.5. Pensheni ikiwa dola 4,000 kwa mwezi, dola 1,500 ni zake.

11. Je, wajua kwamba askari aliyetiwa hatiani anaweza kuendelea kula pensheni? Jon Burge, kamanda wa polisi Chicago, alifukuzwa kazi 1993 kwa kuhusika na mateso ya mtuhumiwa. Mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa kusema uongo kuhusu mateso hayo. Bodi ya pensheni ilipopiga kura mwaka uliofuata, ilikuwa nne kwa nne, na hivyo akabaki na mafao yake mpaka alipofariki 2018. Waliovunjwa miili na nafsi zao walilazimika kusubiri fidia ya jiji mpaka 2015. Hilo halikuwa haki.

12. Je, wajua kwamba haya yanakuhusu hata kama hujawahi kuvaa magwanda? Desemba 2018 kilio cha wafanyakazi wa Tanzania kilimfanya Rais Magufuli asitishe kikokotoo kipya cha mafao. Kilisikika kwa sababu watu walipiga hesabu kabla ya siku ya kustaafu. Pensheni ni mshahara uliokwisha kuutolea jasho. Si zawadi, wala si hisani ya mwajiri. Wiki hii omba taarifa ya michango yako, hakikisha tarehe yako ya kuajiriwa imeandikwa sawasawa, na mweleze mwenzi wako mafao yako yanahesabiwaje. Usisubiri siku ya kuagwa ndipo uulize.