Protini Hupitaje Mlango wa Kiini cha Seli?

DNA yetu imehifadhiwa ndani ya kiini cha seli, lakini protini zinazoihudumia hutengenezwa nje, kwenye saitoplazimu. Zile zinazokunja nyuzi za DNA, zinazounga pale zilipokatika, zinazowasha na kuzima jeni, zote huanza maisha upande ambao hazina kazi. Ili zifike kazini ni lazima zivuke utando wa tabaka mbili, na njia iliyopo ni matundu maelfu kadhaa yaliyouzunguka utando huo.

Kwa kipimo cha seli, kila tundu ni mtambo mkubwa mno: vipande vya protini vipatavyo 1,000, vya aina 30 hivi, vimepangwa katika mafungu manane yanayofanya duara. Tundu halina kifuniko. Katikati yake kumejaa nyuzi laini za protini ambazo asidi amino mbili, fenilalanini na glisini, hujirudia ndani yake tena na tena. Protini ndogo, zisizozidi daltoni 40,000 hivi, hupenya zenyewe. Kubwa zaidi ya hapo hukwama, isipokuwa ijue kupiga hodi.

Jinsi hodi hiyo ilivyogunduliwa ni kisa kinachonivutia kila nikikisoma. Mwaka 1982, huko Cambridge, Uingereza, Colin Dingwall, Ron Laskey na mwenzao walikuwa wakichunguza nukleoplazimini, protini ya mayai ya Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika. Protini hii ina kiwiliwili chenye mikia mitano. Ikidungwa kwenye saitoplazimu ya yai changa la chura, huingia kwenye kiini. Mikia yote ikikatwa, kiwiliwili hubaki nje. Ukiachwa mkia mmoja tu, kinaingia. Ruhusa ya kuingia, basi, ilikuwa imebebwa na sehemu ndogo tu ya protini.

Miaka miwili baadaye Daniel Kalderon, Alan Smith na wenzao waliisoma ruhusa hiyo herufi kwa herufi katika protini ya SV40, kirusi cha nyani. Ni asidi amino saba tu, tano kati yake zikiwa na chaji chanya. Walipobadilisha lisini moja ikawa threonini, protini nzima ikabaki nje. Walipoibandika alama hiyo kwenye piruveti kinasi, kimeng'enya ambacho kazi yake yote iko nje ya kiini, nacho kikaingia.

Alama peke yake haisogezi kitu. Inahitaji mchukuzi, na mchukuzi huyo, importini, alitambuliwa na Dirk Görlich na wenzake mwaka 1994. Importini huishika alama, kisha hushikana na kuachana na zile nyuzi za tunduni kwa kasi kubwa, na hivyo hupita mahali ambapo protini nyingine ya ukubwa uleule ingekwama. Ikifika ndani hukutana na protini ndogo iitwayo Ran, iliyobeba molekuli ya nishati ya GTP. Ran ikiikamata importini, mzigo huachiliwa. Wawili hao hutoka pamoja, na huko nje GTP huvunjwa, importini ikawa huru kubeba mzigo mwingine. Hapa ndipo penye uhodari wenyewe: kule kuvuka tundu hakutumii nishati. Nishati hulipwa katika kumrudisha mchukuzi, na kwa sababu Ran yenye GTP imejaa ndani na ni haba nje, mzigo huachwa upande unaostahili.

Virusi vya UKIMWI navyo vinaitaka DNA yetu, kwani havizaliani mpaka vipachike jeni zake humo. Jeni hizo husafiri ndani ya ganda lenye umbo la pia, lenye upana wa nanomita 60 hivi, karibu sawa na upana wa tundu lenyewe. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ganda hilo haliwezi kupita likiwa zima. Mwaka 2021 picha za hadubini ya elektroni zilionyesha likipita. Mwaka 2024 tafiti mbili zilionyesha kwamba ganda lina vijishimo vinavyoshika zile nyuzi za tunduni moja kwa moja, kwa hiyo halihitaji mchukuzi: lenyewe ni mchukuzi.

Dawa ya lenacapavir hukaa kwenye vijishimo hivyohivyo na kulikakamaza ganda, na mojawapo ya matokeo yake ni kulizuia lisiingie kwenye kiini. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano ya dawa hiyo kila baada ya miezi sita. Hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa.