Taa Nyekundu ya Oili Ilivyotaka Kumeza Mtaji Wangu

Leo siongelei wateja wa mkopo. Naongelea ile taa nyekundu ya kwenye deshibodi yenye picha ya birika linalodondosha tone, maana wengi wetu gari ndiyo duka la pili.

Mimi nina duka la mahitaji hapa Tukuyu na Probox yenye injini ya 1NZ. Kwenda Mbeya napakia ndizi, kurudi nabeba sukari, sabuni na mafuta ya kula. Siku hiyo nimeshapita Kiwira, napandisha kuelekea Isongole, mvua yetu ya Rungwe kama kawaida, taa ikawaka. Nikikanyaga mafuta inazima, nikiachia inawaka. Nikageuza, nikarudi nayo hivyo hivyo hadi mjini. Hapo nilikosea, msiniige. Presha ya oili ikiwa imekufa kweli, dakika chache tu zinatosha kula beringi. Unazima gari, unaita wa kukuvuta.

Fundi wa kwanza akasikiliza kidogo, akasema pampu ya oili imekufa, tushushe injini, laki sita. Mtaji wangu wote dukani ulikuwa kama laki tisa. Usiku sikulala, nilikuwa nahesabu nifunge shelfu gani.

Asubuhi nikamfuata mzee mmoja jirani aliyewahi kutengeneza mitambo kwenye mashamba ya chai. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo fundi alipima presha kwa geji?" Nikasema hapana. "Basi ameangalia taa tu."

Akanielewesha. Kwenye bloku ya injini kuna swichi ndogo ya oili, ina waya mmoja. Injini ikiwa imezima, swichi inaunganisha ule waya na bodi, taa inawaka. Injini ikiwaka, oili inasukuma kiwambo ndani, inakata, taa inazima. Kwa hiyo taa haijui presha ni ngapi, inaisikiliza swichi tu. Swichi ikichoka inasema uongo.

Kwanza akachomoa stiki, oili ipo kwenye alama. Akafungua switchi bila kuwasha injini, akachomoa waya. Taa ikazima, maana yake waya haujachubuka na kugusa bodi. Ndani ya soketi kulikuwa na oili, swichi inavuja. Mimi nikafurahi, yeye akasema bado. Akaitoa swichi, akafunga geji kwenye tundu lile lile, akawasha mpaka injini ikapata moto. Kwenye sailensi geji ikasoma 18 psi, akikanyaga hadi mizunguko 3000 inasoma 52. Kwa injini hii, sailensi inatakiwa isipungue kama psi 4, na kwenye 3000 iwe kati ya 22 na 80. Pampu nzima kabisa.

Swichi mpya nilinunua elfu kumi na tano, mzee nikampa elfu kumi na mkungu wa ndizi. Wakati wa kufunga alinikataza mambo mawili. Usizungushie tepu nyingi, kwa sababu swichi inapata ethi kupitia nyuzi zake. Na usikaze kwa hasira, nyuzi zake zinabana zenyewe, utapasua bloku kwa kitu cha elfu kumi na tano.

Ingekuwa geji nayo imesoma chini, habari ingekuwa nyingine: oili nyepesi au ya zamani, chujio la pampu kuziba, pampu yenyewe, au beringi zimelika. Hapo huenda kweli ukashusha injini, na laki sita huenda isitoshe. Ila unatoa hela ukiwa umeona namba kwa macho yako.

Yule fundi wa kwanza nilikutana naye wiki iliyofuata, akaniuliza gari limeishia wapi. Nikamwambia lipo, limepakia ndizi, linasubiri mvua ipungue.