Vumbi la Alumini na Hatari ya Moto
Katika karakana za mitaa kama Kiwalani, fundi akatapo na kusugua fremu za alumini, vumbi lake hutua juu ya boriti na nguoni. Alumini nzima haishiki moto kwa urahisi. Unga wake ukitimka hewani huweza kulipuka kwa cheche moja. Diski ya grenda iliyosaga chuma chenye kutu isisugue alumini, jambo linalopuuzwa mno, kwani mchanganyiko wa viwili hivyo huwaka kwa joto kali. Unga uwakapo usimwagiwe maji, maana huzalisha haidrojeni, gesi ilipukayo; ufunikwe taratibu kwa mchanga mkavu. Mhudumu wa afya amvue majeruhi nguo zenye vumbi, apanguse unga uliobaki ngozini, ndipo apoze jeraha kwa maji yatiririkayo dakika 20.