Kaniki, Kofia na Kanga: Tabaka Lilivyosomwa Mwilini katika Unguja ya Kale

Sosholojia, yaani taaluma inayochunguza namna watu wanavyoishi pamoja na namna maisha hayo yanavyoumba mawazo na mienendo yao, imesimama juu ya dhana chache ambazo kila mtu anazijua kwa vitendo hata kama hajawahi kuzisikia kwa majina: ujamiishaji, kundi, kaida, ukengeufu na tabaka. Vyuoni dhana hizo hufundishwa sura kwa sura, jambo linalorahisisha mtihani lakini likaficha ukweli kwamba katika maisha zimesukwa pamoja kama miyaa ya mkeka. Ni mahali pachache katika Afrika Mashariki panapouonyesha msuko huo waziwazi kama mji wa Unguja katika miaka iliyotangulia na kufuata kufutwa kwa utumwa, wakati ambapo cheo cha mtu kilisomwa kwanza katika nguo yake.

Tabaka ni daraja ambalo watu huwekwa kwa kadiri ya mali wanayomiliki, kazi wanayofanya na heshima wanayopewa. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyeishi kati ya 1864 na 1920, alisisitiza kwamba mali na heshima ni vitu viwili, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na kimoja akakikosa kingine, na historia ya Unguja inampa haki kabisa. Katika karne ya 19 juu walikaa wenye mashamba ya karafuu, wengi wao wenye asili ya Omani, pamoja na waungwana wa mwambao, na chini kabisa walikuwapo watumwa walioletwa kutoka bara, huku wazalia, yaani watumwa waliozaliwa kisiwani, wakihesabiwa kuwa afadhali kidogo kuliko wageni walioitwa washenzi. Hata maneno yaliyotumika yalikuwa ngazi: muungwana ni mtu huru na pia ni mtu mwenye adabu, kana kwamba asiye huru hawezi kuwa na adabu.

Ngazi hiyo ilivaliwa. Mtumwa mwanamke alijifunga kipande cha merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa kwa majahazi makubwa kutoka viwanda vya Massachusetts na kikabaki na jina la nchi kilikotoka, au alijifunga kaniki, ambayo ni kitambaa cha namna hiyo hiyo kilichochovywa nili mpaka kikawa na rangi ya kukaribia weusi isiyoonyesha vumbi la shamba. Kitambaa kilipita chini ya makwapa, mabega yakabaki wazi, na kichwa kikabaki wazi vilevile, kwa kuwa kujifunika kulikuwa haki ya wanawake wa kiungwana, ambao nao walivaa hariri, barakoa usoni na mitawanda miguuni. Mtumwa mwanamume hakutakiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Kichwa kitupu na nyayo zilizopasuka vilikuwa kama hati ambayo kila mpita njia aliweza kuisoma bila kujua kusoma.

Hapa ndipo inapoingia dhana ya ujamiishaji, ambayo maana yake ni mchakato wa mtu kujifunza, tangu utotoni, kaida za jamii yake mpaka azione kuwa ni maumbile. Kaida ni kanuni isiyoandikwa kuhusu lipi lifanywe na lipi liepukwe, na nguvu yake inatokana na kwamba anayeitii huwa hakumbuki ni nani aliyemfundisha. Mtoto aliyekua akiona nani anakaa barazani na nani anasimama, nani anaitwa kwa jina la baba yake na nani anaitwa kwa jina la kubandikwa, alijua mahali pake kabla hajajua kuhesabu. Salamu ya shikamoo, ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa imetokana na kusema kwamba mtu anashika miguu ya mwenzake, ni ushahidi wa mafunzo hayo, ingawa leo imehama kutoka unyonge wa mtumwa hadi heshima ya mdogo kwa mkubwa. Charles Horton Cooley wa Marekani aliandika mwaka 1902 kwamba mtu hujiona kupitia macho ya wenzake kama anayejitazama katika kioo. Basi ni rahisi kufikiri ni sura gani aliyoiona mtu aliyepewa tangu kuzaliwa jina la Mtumwa.

Mwaka 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed na shinikizo la Waingereza, hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, miaka 24 baada ya Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa. Sheria hiyo ilikuwa ya tahadhari mno. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba mahakamani na kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki, wamiliki waliweza kulipwa fidia ilhali waliotumikishwa hawakulipwa kitu, na masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo mali haikuhama, na mashamba yalibaki kwa wenyewe.

Kilichohama ni nguo, na huo ndio mlango wa dhana ya ukengeufu, yaani mwenendo ambao jamii inauhesabu kuwa umetoka nje ya kaida. Émile Durkheim wa Ufaransa alidai mwaka 1895 kwamba hakuna jamii isiyo na ukengeufu, na kwamba mara nyingine mkengeufu wa leo ni mtangulizi wa maadili ya kesho. Naye Howard Becker wa Marekani, katika kitabu chake cha 1963, aliongeza kwamba kitendo hakina ukengeufu ndani yake mpaka wenye nguvu wakibandike jina hilo. Kofia ya kufumwa ni kofia tu. Ikikaa juu ya kichwa cha mtu ambaye jana alikuwa mtumwa, waliozoea kumwona kichwa wazi waliiona kuwa ni ufidhuli. Hata hivyo waliokombolewa walivaa kofia na kanzu, na wanawake waliiacha kaniki wakajifunga kanga, vazi lililozuka mwambaoni katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, likiwa na jozi ya vipande, kimoja cha kiunoni na kingine cha kichwa na mabega. Uzito wa mageuzi yote uko katika kipande hicho cha pili, kwa kuwa kilifunika pale palipokatazwa kufunikwa.

Mtu mmoja akivunja kaida huadhibiwa, lakini kundi likiivunja kaida hiyo hugeuka. Kundi, kwa maana ya kisosholojia, ni watu wanaohusiana mara kwa mara na kujitambua kuwa wamoja, tofauti na umati uliokutana gatini ukingoja chombo. Katika Ng'ambo, mitaa iliyokua ng'ambo ya kihori kilichoitenga na Mji Mkongwe, watu wenye asili za mbali wasiokuwa na ukoo pale walijitengenezea udugu mpya kupitia ngoma, vyama vya beni na unyago, ambamo somo alimfunza mwari usafi, ndoa na siri za utu uzima.

Kutoka Ng'ambo ndiko sauti ya mwimbaji Siti binti Saad ilikosikika. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akauza vyungu, na jina lake la kwanza lilikuwa hilo la Mtumwa. Siti, lenye maana ya bibi, alilipata mjini. Taarabu ya kasri ilikuwa ikiimbwa Kiarabu, naye aliiimba Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri zilizouzwa mwambao mzima. Waliomwonea wivu walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba aliingia mjini akiwa amejifunga kaniki. Tusi hilo lilichagua nguo ile ile miaka mingi baada ya sheria, na linafundisha juu ya unyanyapaa kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Buibui lilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, mjukuu wa bibi na mjukuu wa mjakazi waliweza kupishana kichochoroni wakiwa wamevaa vazi moja, na jicho likashindwa kuwatenga. Palipobaki pa kuwatenga ni penye posa. Sheria ya ndoa ilimruhusu walii, yaani msimamizi wa binti katika ndoa, kumkataa mchumba asiyekuwa kufu, yaani asiyelingana kwa nasaba na binti, na hivyo mtu aliyeingia barazani na kanzu iliyopigwa pasi, kofia nzuri na mahari mkononi bado aliweza kuulizwa, kwa upole na kwa sauti ya chini, babu yake alikuwa mtu wa nani.