Zagori: Mapenzi ya Mbali, Madaraja ya Mawe

Je, mwenzi wako anafanya kazi mbali? Basi sikia ya Zagori, vijiji 46 vya milimani kaskazini magharibi mwa Ugiriki, ambako nyumba ni za mawe hadi paa. Zamani wanaume walikwenda Romania, Urusi na Misri kutafuta maisha. Wake zao walibaki miaka na miaka na mashamba, mifugo na watoto. Pesa za ugenini zilijenga shule na madaraja. Daraja la Kokkoris ni la mwaka 1750. UNESCO iliitambua Zagori kuwa urithi wa dunia mwaka 2023.

Siku hizi vijana wengi wamehamia mjini. Ila sikukuu za kiangazi zikifika wanarudi, wanashikana mikono na kucheza uwanjani, wazee kwa watoto.

Wapendanao, hapo mpo? Pesa unaweza kutuma. Ngoma lazima uje mwenyewe.