Je, Wajua? Pazia la Webb na Skrubu Zilizodondoka

Hapa Rwambuzi ukitaja dhahabu, akili za watu hukimbilia machimbo ya Mongbwalu. Darubini ya anga ya James Webb nayo hung'aa dhahabu katika kila picha, ilhali vioo vyake vyote vimepakwa gramu 48 tu. Kinachoilinda ni kitu kisichopigiwa makofi: pazia la plastiki ya Kapton lenye matabaka 5, kubwa karibu sawa na uwanja wa tenisi. Tabaka linaloelekea jua lina unene wa milimita 0.05, mengine ni nusu ya hapo.

Webb huona joto, kwa hiyo joto lake yenyewe lingeipofusha. Upande wa jua hufika nyuzi 85 za Selsiasi, upande wa vioo ni 233 chini ya sifuri. Joto likipenya tabaka moja hutorokea kando, kupitia uwazi ulioachwa kabla ya tabaka linalofuata. Ndiyo maana matabaka membamba yanalishinda moja nene.

Kulijaribu pazia hilo duniani kulichosha. Huko liendako halina uzito, hapa linalemea, hivyo mafundi wa kampuni ya Northrop Grumman, California, walilitegemeza kwa kamba na kapi. Mwaka 2017 walipolikunjua walikuta michaniko, wakaiziba. Mwaka 2018 wakaingiza mitambo pamoja na pazia katika chumba chenye spika zinazotoa ngurumo ya roketi ikipaa. Ngurumo ilipokoma, skrubu na washa zilikuwa zimedondoka kutoka kwenye vifuniko vinavyolihifadhi pazia likiwa limekunjwa. Vifungo havikukazwa ipasavyo, basi! Safari ikasogezwa hadi 2021, na wabunge wa Marekani wakawaita wakubwa wa mradi wajieleze. Aibu ilikuwapo, lakini kwa maoni yangu chumba kile kilifanya kazi yake. Darubini ya Hubble ilifuatwa na wanaanga mara 5 ikatengenezwa. Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na hakuna fundi wa kuifuata.

Ilirushwa 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Tarehe 31, swichi za kuthibitisha kwamba vifuniko vilevile vimejiviringa kando hazikutoa ishara. Wahandisi wakasita, wakachungulia vipimo vya joto na vya mtikisiko wa chombo, vyote vikaonyesha vimefunguka. Siku hiyohiyo wakaamuru mikono ya pazia inyooke, na kufikia 4 Januari 2022 matabaka yote 5 yalikuwa yamewambwa.