Usalama na Ubora katika Nyumba za Kulelea Wazee Nchini England

Nchini England, nyumba ya kulelea wazee hairuhusiwi kutoa huduma bila kusajiliwa na Care Quality Commission, tume iliyoanza kazi mwaka 2009. Wakaguzi wake hutafuta majibu ya maswali matano: je, wakazi wako salama? Je, huduma inaleta matokeo mazuri? Je, wahudumu wana huruma na heshima? Je, mahitaji ya kila mzee yanazingatiwa? Je, uongozi ni imara? Majibu huzaa daraja moja kati ya manne, na tangu 2015 nyumba inalazimika kulibandika mahali panapoonekana na kila anayeingia.

Usalama wenyewe hujengwa kwa kazi ndogondogo za kila siku. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa mara kwa mara, kwa kuwa mgandamizo wa muda mrefu huzuia damu kufika kwenye ngozi na kuleta vidonda. Sakafu hukaushwa na njia huwekewa mwanga, maana kuanguka mara moja tu kunaweza kuvunja nyonga. Kila dawa inayotolewa huandikwa papo hapo, ili dozi isirudiwe. Anayepata shida kumeza hulainishiwa chakula, asije akapaliwa.

Yote haya yanahitaji wahudumu wa kutosha, waliofunzwa na wanaowafahamu wazee wao. Si kila mzee anaweza kujisemea. Kwa hiyo ndugu wanapaswa kumtembelea, kuangalia ngozi, uzito na uchangamfu wake, na kumweleza meneja au tume wanapoona kasoro.